Aliyepotea na Aliyepotewa

Jumapili ile mdogo wangu alipoitwa mbele ya madhabahu kurudi kundini, kanisa zima lilipiga vigelegele isipokuwa mimi. Niliinama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nilitafuta mpaka wimbo ukaisha.

Ilikuwa Desemba, wakati ambao mabasi yote ya kwenda Moshi yamejaa na kila Mchaga aliye mjini yuko njiani kurudi mgombani. Kwa miaka tisa mdogo wangu hakuwahi kuwa kwenye basi hata moja kati ya hayo. Aliondoka na pesa ambayo Baba aliipata kwa kuuza ng'ombe wawili, akasema anakwenda Dar es Salaam kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Duka lilifunguliwa, likafungwa. Baadaye tukasikia kanisani hakanyagi, na mtu akimuuliza anajibu kuwa Mungu ni habari za wazee. Mwaka wa nne Baba akafariki. Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye nyumba ya baba na kuitunza. Tulimzika Baba bila kitinda mimba wake, na maneno ya watu wa ukoo siku ile niliyabeba mimi, dada mtu.

Kuna jambo jingine. Katika usharika wetu wa Kilutheri kila msharika ana bahasha yenye namba yake, ambayo humo anaweka ahadi yake ya mwaka. Siku moja mzee wa kanisa alinisimamisha njiani akanipongeza: "Mdogo wako huko aliko hajatusahau, bahasha yake haijawahi kurudi tupu." Nilisimama kama nimemwagiwa maji. Kumbe Mama ndiye aliyekuwa anaijaza, mwezi baada ya mwezi, kwa pesa niliyokuwa namtumia ya dawa za presha.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa natafuta kitu kwenye mkoba.

Tulipotoka ibadani tukakuta nyumbani pameshachinjwa. Aliyechinjwa ni beberu niliyekuwa nimempanga auzwe Januari ili nilipe ada ya shule ya mwanangu. Hakuna aliyeniuliza. Niliposikia, nilicheka peke yangu huku jikoni, maana nilikumbuka kaka mkubwa katika Luka 15 alilalamika kuwa hajawahi kupewa hata mwana-mbuzi afurahi na rafiki zake. Mimi mwenzake mbuzi nilikuwa naye. Nikachinjiwa huyo huyo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma sura ile kama mtu anayesoma mkataba alioingizwa bila kusaini. Swali langu si geni, lakini kwangu lilikuwa limeshika moto: inakuwaje mbinguni kuwe na furaha kubwa zaidi kwa mmoja aliyepotea akarudi kuliko kwa tisini na tisa ambao hawakwenda popote? Je, hiyo ni haki? Na kama si haki, ni nini?

Tuanze na jinsi sura yenyewe ilivyojengwa, kwa sababu wengi wetu tunaikumbuka kwa mhubiri mmoja mmoja na hatuisomi kwa mfululizo. Ni hadithi tatu, na zinasogea. Kwanza kondoo mmoja kati ya mia. Halafu sarafu moja kati ya kumi, ambayo Biblia yetu ya zamani ya Kiswahili imeiita shilingi bila kuona haya. Mwisho mwana mmoja kati ya wawili. Hasara inakua: moja ya mia, moja ya kumi, nusu nzima ya nyumba. Na wanaosimuliwa si wapotevu. Mwanzo wa sura unasema wazi kwamba Mafarisayo na waandishi walikuwa wananung'unika kwa sababu Yesu anakaribisha wenye dhambi na kula nao. Kwa maneno mengine, sura yote imesemwa mbele ya kaka wakubwa na dada wakubwa. Nilipoligundua hilo nilihisi kama nimeitwa jina.

Halafu angalia: kondoo hafanyi lolote ila kupotea. Sarafu ndiyo kabisa, haijui hata kuwa imepotea. Haiwezi kujuta, haiwezi kulia, haina miguu ya kurudi nayo. Na bado majirani wanaitwa na furaha inafanywa. Kwa hiyo furaha hiyo haiwezi kuwa tuzo ya kilichopotea. Shilingi haikushinda mashindano yoyote. Furaha ni ya yule mwanamke aliyewasha taa na kufagia.

Hapa ndipo Kiswahili kilinisaidia kuliko vitabu. Sisi tuna kupotea, tuna kupoteza, halafu tuna kitenzi cha tatu ambacho lugha nyingi hazina neno moja la kukitaja: kupotewa. Kondoo amepotea, mchungaji amepotewa. Ni ndugu wa kufiwa, kukimbiwa, kuibiwa, kuharibikiwa. Ni vitenzi vya mtu ambaye hakufanya kitu, lakini jambo limemwangukia yeye. Marehemu akishakufa amemaliza. Anayepewa pole ni mfiwa. Watu hawaji msibani kumpa pole maiti.

Miaka yote nilikuwa nauliza juu ya aliyepotea: alifanya nini, anastahili nini, amelipa nini. Nikiuliza hivyo, jibu ni rahisi, hastahili beberu wa mtu. Lakini vigelegele havikupigwa kwa ajili ya sifa zake. Ukubwa wa furaha unapimwa kwa aliyepotewa. Baba katika hadithi hasemi kwamba mwanangu amekuwa mwema. Anasema alikuwa amekufa na sasa yu hai. Ni maneno ya mfiwa ambaye msiba wake umefutwa. Na jambo la ajabu katika imani ya Kikristo ni kwamba inathubutu kumweka Mungu mwenyewe upande huo wa kitenzi. Mtu anapotea, Mungu anapotewa.

Najua mwanafalsafa atanipinga hapo. Mungu mkamilifu, asiyepungukiwa na kitu, atapotewa vipi? Na kama hapotewi, atafurahi vipi kwa kupata? Swali hili lilimsumbua Augustino pia, naye hakuwa mtu wa nje katika jambo hili. Yeye mwenyewe alikuwa mwana mpotevu wa mama aliyelia miaka mingi, akabatizwa Milano mwaka 387 akiwa mtu mzima. Katika kitabu cha nane cha Maungamo anasimulia habari za Victorinus, mwalimu mashuhuri wa ufasaha ambaye Warumi walimsimamishia sanamu. Uzeeni akawa Mkristo. Akaambiwa kwamba kwa heshima yake anaweza kukiri imani faraghani. Akakataa, akapanda mbele ya watu wote, na jina lake likanong'onwa kanisa zima kwa furaha. Ndipo Augustino anasimama na kuuliza swali langu: kwa nini tunafurahi zaidi kwa kilichokatiwa tamaa kikapatikana kuliko kwa kilichokuwepo siku zote?

Ninachompendea ni kwamba hakimbilii mbinguni kutafuta jibu. Anatazama maisha. Anasema jemadari hushangilia kwa kadiri vita vilivyokuwa vikali. Mabaharia walionusurika na dhoruba hufurahi sana kwa sababu waliogopa sana. Rafiki aliyeugua akapata nafuu, anatembea bado hana nguvu zake za zamani, na bado tunamfurahia kuliko tulivyomfurahia alipokuwa mzima akitembea imara. Walevi hula vitu vya chumvi ili kiu iwape raha ya kunywa. Anaona kila mahali kwamba furaha kubwa hutanguliwa na uchungu mkubwa, kisha anamgeukia Mungu kumuuliza kwa nini sehemu hii ya viumbe iende hivyo, kupwa na kujaa, wakati Yeye ni furaha yake mwenyewe milele. Halijibu vizuri sana, kwa maoni yangu. Lakini ule mfano wa mgonjwa ulinishika. Mtu aliyetoka kitandani juzi, miguu inatetemeka, ndiye anayetutoa machozi. Je, ina maana tunampenda kuliko tulivyompenda akiwa mzima? Hapana. Upendo ni ule ule. Ulikuwa umelala ndani ya mazoea, ugonjwa ukauamsha.

Wasomaji wangu wa pwani watanikumbusha kuwa si Wakristo peke yao wanaozungumza hivi. Katika hadithi za Mtume Muhammad iko ile ya mtu aliyepotewa na ngamia wake jangwani, ngamia aliyebeba chakula na maji yake yote. Anakata tamaa, analala chini ya mti kungoja kufa, mara anamwona ngamia amesimama mbele yake. Mwenyezi Mungu, inasemwa, huifurahia toba ya mja wake kuliko mtu huyo. Na katika pokezi iliyomo ndani ya Sahihi ya Muslim, mtu yule kwa wingi wa furaha ulimi unateleza, anamwambia Mungu maneno kinyume, yeye mwenyewe akajiita bwana na Mungu akamwita mja. Nimeipenda sana hiyo. Furaha inayovuruga hata sarufi! Na neno lenyewe toba, tulilolipata kwa Kiarabu, asili yake ni kurudi.

Basi nikafika hapo nikadhani nimemaliza. Furaha haifanyi hesabu za haki. Ni pumzi ya aliyepotewa. Niache kununa, nile nyama.

Lakini bado kuna mbuzi.

Nirudi kwenye hadithi. Mwana mdogo alipodai urithi wake, baba aliwagawia wote wawili. Maana yake kilichobaki nyumbani baada ya hapo kilikuwa fungu la mkubwa. Baba mwenyewe anakiri alipotoka nje kumbembeleza: vyote nilivyo navyo ni vyako. Haya, kama vyote ni vya mkubwa, ndama aliyenona ni wa nani? Pete ni ya nani, na viatu, na lile joho zuri? Sikukuu ile ililipiwa na mtu ambaye hata hakuitwa. Alikuwa shambani, akasikia ngoma akiwa njiani, ikabidi amuulize mtumishi kuna nini. Wahubiri wanamsema sana kaka yule kwa wivu wake, na wivu anao. Ila sijasikia mahubiri mengi juu ya ukweli kwamba yeye ndiye aliyegharamia.

Nadhani hili ndilo jambo gumu kuliko lile la falsafa. Neema ni bure kwa anayepokea, lakini mara nyingi kuna mtu pembeni analipa. Nimekaa kwenye mikutano ambapo mwanamume anapewa kipaza sauti atoe ushuhuda: nilikunywa, nilipiga, nilitelekeza, leo Bwana amenitoa. Watu wanashangilia. Na kadiri alivyokuwa mbaya ndivyo ushuhuda unavyonoga, mpaka wengine wanaongeza chumvi. Mke wake amekaa benchi la nyuma. Hakuna anayemwuliza kama mkono wake uliovunjika uliunga vizuri. Anatazamiwa atabasamu, na asipotabasamu ataambiwa ana roho ya kutokusamehe. Hapo ile furaha inakuwa ngoma ya kuficha sauti ya mtu anayelia.

Je, basi tuseme furaha ingoje mpaka madeni yalipwe? Nilitamani kusema hivyo. Kisha nikakumbuka Zakayo, sura nne mbele katika kitabu hicho hicho. Tajiri, mkubwa wa watoza ushuru, juu ya mkuyu. Yesu hakumwambia ashuke akalipe kwanza. Alimwambia ashuke upesi, leo nakaa kwako. Zakayo akampokea kwa furaha, na watu wakanung'unika kama kawaida yao. Ni baada ya kupokewa ndipo Zakayo aliposimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Furaha ilitangulia, hesabu ikafuata. Ila hesabu ilifuata! Haikusamehewa kimyakimya kwa sababu mgeni alikuwa mkubwa. Wale waliodhulumiwa hawakuambiwa washukuru tu kwamba Zakayo ameokoka. Walirudishiwa chao, na zaidi.

Kwa hiyo jibu langu, kama ni jibu, liko hivi. Furaha ya Mungu kwa anayerudi si hukumu kwamba madhara yake hayakuwepo. Ni mlango. Mlango haufungi deni. Unamwingiza mdeni ndani ya nyumba ambamo wanaomdai wamo, ambamo atawaona usoni kila asubuhi wakinywa chai. Aliyeko Dar bila simu hawezi kulipa kitu. Aliyerudi anaweza kuanza. Kiswahili hapa tena kinanong'ona: kurudi ni kurejea, lakini kumrudi mtu ni kumkanya, kumnyoosha. Na nguo ikifuliwa ikanywea, tunasema imerudi. Anayerudi kweli anarudi kwa maana zote tatu. Anakuja, ananyooshwa, na anapungua kidogo.

Kuna riwaya moja ninayowashauri wasomaji wa hapa waitafute: Home ya Marilynne Robinson, Mmarekani, iliyotoka mwaka 2008. Jack Boughton anarudi kwa baba yake, mchungaji mstaafu, katika mji mdogo wa Gilead huko Iowa, baada ya miaka ishirini. Hakuja hata kumzika mama yake. Tunayaona yote kupitia kwa Glory, dada yake mdogo, anayepika, anayefua, anayemlea mzee. Robinson anafanya kitu ambacho mfano wa Luka haukupata nafasi ya kukifanya: anatuonyesha wiki zinazofuata. Nyama imekwisha, ngoma imenyamaza, na sasa watu watatu wanapaswa kuishi nyumba moja. Furaha ya baba ni ya kweli, lakini anazeeka, anachoka, na maumivu ya zamani yanamtoka mdomoni bila kukusudia. Jack anajitahidi, anaanguka, na mwishoni anaondoka tena. Nilipofunga kitabu nilikuwa na hasira na mwandishi. Baadaye nikaona hakunidanganya. Kurudi si tukio la Jumapili moja. Mtu anarudi kila siku, na anayempokea naye anapaswa kumpokea kila siku, kwa pesa ile ile na mgongo ule ule unaouma.

Niseme yaliyotokea kwetu, nisiwaache hewani. Jioni ile wageni walipoanza kupungua nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria la machalari kwa majivu, kwa nguvu isiyohitajika. Mama akaja. Ana magoti mabaya, kushuka ile ngazi ya nyuma si kazi ndogo kwake. Akakaa kwenye kigoda. Nikajua nikinyamaza sitasema tena maishani, nikasema.

"Mama, yule beberu alikuwa ada ya mtoto."

Akanyamaza kwanza. "Sikukumbuka, mwanangu," akasema. "Mungu anisamehe. Nilikumbuka mmoja tu."

"Na bahasha je? Ile pesa ilikuwa ya dawa zako."

"Hiyo nilikumbuka," akasema. "Hiyo nilijua ninachofanya."

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Nikamwuliza swali la kitoto, na mimi mtu mzima wa miaka arobaini na kitu: "Mimi nisingepotea, ungenihesabu lini?"

Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Usiku nikishindwa kulala nawahesabu. Naanzia kwako kila siku. Nikianzia kwa yule, nitalia, sitamaliza."

Sijui kama mwanateolojia atakubali, lakini kwangu yale yalikuwa ufafanuzi wa kile ambacho baba anamwambia mwanawe mkubwa kule nje gizani, kwamba wewe u pamoja nami siku zote. Tisini na tisa si watu waliosahaulika. Wao ndio namba ambayo hesabu inaanzia, na mchungaji asingejua kwamba mmoja hayupo kama asingewahesabu hao kwanza. Furaha kwa aliyerudi ni kelele. Furaha kwa aliyebaki haina kelele, na ndiyo maana ni rahisi kudhani haipo. Labda kosa la baba yule, na la Mama, na la makanisa yetu, si kumfurahia mno anayerudi. Ni kungoja mpaka aliyebaki akasirike ndipo watoke nje kumwambia.

Mdogo wangu alikuja baadaye akachukua kitambaa akaanza kukausha sahani. Hakuomba msamaha. Aliniuliza tu, "Dada, kaburi la Baba nani alilijengea?" Nikamwambia ni mimi. Akakausha sahani tatu nyingine. "Niambie ilikuwa shilingi ngapi," akasema. Nikamtajia kiasi. Hajamaliza kulipa mpaka leo, na Jumapili nyingine namtafuta kwenye benchi letu simwoni. Lakini kila mwisho wa mwezi kitu kidogo kinaingia kwenye simu yangu, na bahasha yake anaijaza mwenyewe.

Luka hakutuambia kama kaka mkubwa aliingia ndani. Hadithi inamwacha mlangoni, baba akiwa bado anasema naye. Nilikuwa naona ni upungufu. Siku hizi nadhani aliacha nafasi hiyo kwa makusudi, kwa ajili ya mtu aliyeshika sufuria.

Mimi niliingia. Nyama nilikuta imebaki kidogo, na imepoa. Nikala.